Jana Alikula Nini

Kila mavuno yakifika, lazima mtu mmoja mtaani kwetu awashe magunzi, na lazima mwingine asimame nje, avute hewa, aseme hiyo ndiyo harufu ya Eldoret, harufu ya shibe. Mimi hufunga dirisha. Watu wana haki ya kupenda wanachokipenda, ila harufu ya gunzi la mahindi likiungua hunirudisha kwenye chumba kimoja cha mtaa wa Huruma ambako sitaki kurudi. Mwaka huu jirani yangu mpya aliwasha rundo zima karibu na ua wangu. Nilitoka nikamfokea mpaka mke wake akaja mbio kuona nani amekufa. Nilipoingia ndani nikajiambia kwamba kama nimefika mahali pa kumtukana mtu kwa sababu ya magunzi, afadhali nieleze jambo lenyewe.

Tulikuwa wanne katika chumba hicho: Baba, Mama, mimi na mdogo wangu Simiyu. Wazazi wetu walitoka upande wa Bungoma kabla sijazaliwa, wakifuata kazi. Baba alizunguka na mashine ya kupukuchua mahindi iliyovutwa na trekta, leo Soy, kesho Chepsaita, shamba hadi shamba, yeye na wenzake wakimimina mahindi upande mmoja na kukinga gunia upande wa pili. Aliporudi alikuwa mweupe kwa vumbi hadi kwenye kope. Wenye mashamba waliwaachia vibarua magunzi bure, kwa hiyo Baba alirudi na gunia la magunzi begani, na hayo ndiyo tuliyopikia. Makaa yalikuwa ya wenye nacho. Mama naye alikuwa na kibanda cha matunda sokoni: machungwa, ndizi, maparachichi, na maembe yakiwa msimu. Nalitaja hilo la matunda mapema kwa sababu linaniudhi kuliko mengine yote.

Simiyu alikuwa na kifua. Ndivyo tulivyosema, neno pumu lilikuwa la redioni na la vitabu vya shule. Alizaliwa mzima, lakini alipokaribia umri wa kwenda nasari kifua kikaanza kumbana, hasa miezi ya mavuno na miezi ya mvua. Na kilikuwa na sauti. Ukiweka sikio mgongoni mwake ulisikia kitu chembamba kikilia huko ndani kila akivuta pumzi. Mimi niliamini kwa moyo wangu wote kwamba ni mtoto wa paka. Sikumwambia mtu. Sikujua aliingiaje humo, nilijua tu kwamba yumo, na kwamba analia kwa sababu kuna kitu anakitaka.

Kifua kikimbana, watu walikuja. Hilo lilikuwa jambo zuri la Huruma na ndilo lililotuponza. Kwenye ploti yetu vyumba vilipangana, ukuta wako ndio ukuta wa jirani, mtoto akikohoa chumba cha tatu mama wa chumba cha saba anajua. Walikuja wakakaa kitandani, wakaomba, wakampaka dawa kifuani na mgongoni, na kabla ya kuondoka waliuliza swali moja. Aliyeliuliza kwa sauti kubwa zaidi alikuwa Mama Rael, kiongozi wa akina mama kanisani kwetu. Yeye mwenyewe alikuwa amezika watoto wawili, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumbishia katika mambo ya ugonjwa. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: kifua hakijibani chenyewe, kuna kitu kimeingia, na kitu huingia kwa mtoto kupitia mdomoni.

"Jana alikula nini, Mama Naliaka?"

Naliaka ni mimi. Mama alifikiri kidogo, akasema, "Alikunywa tu maziwa."

"Si hiyo sasa! Maziwa ndiyo makohozi. Nani alikuambia mtoto wa kifua anapewa maziwa?"

Maziwa yakaondoka siku hiyo. Nililielewa jambo hilo haraka kuliko wakubwa wote. Ikiwa paka ananyimwa maziwa, atachoka, atatoka atafute kwingine. Hakutoka. Mara iliyofuata ikaonekana jana yake Simiyu alikuwa amekula ndizi, na ndizi ikasemwa kuwa ni chakula baridi, inatelezea kifuani na kukaa huko. Mara iliyofuata yakawa machungwa, kwa sababu yana uchachu unaokwaruza. Kisha parachichi, kwa mafuta yake. Njugu zikaondoka, samaki wa omena wakaondoka, maharagwe nayo yakaondoka baada ya wiki moja mbaya sana ya Agosti. Mama Rael alipoona Mama anaanza kuchanganyikiwa akamshauri aandike, na kwa kuwa mwalimu wangu wa darasa la nne alikuwa amesifu mwandiko wangu mbele ya watu, kazi hiyo nikapewa mimi.

Nilichukua daftari jipya la kurasa chache. Juu niliandika VITU SIMIYU HAWEZI KULA, nikapiga mstari mwekundu mara mbili, na chini yake nikaandika kila kitu kwa mwandiko wa kuunganisha. Nilijivuna mno. Wageni wakija, Mama alikuwa akisema, "Naliaka, leta kitabu," nami nilisimama katikati ya chumba na kusoma kwa sauti, na akina mama waliitikia kwa vichwa kama vile nasoma Maandiko. Daftari liliishi juu ya kabati, kando ya Biblia. Simiyu alikuwa hajui kusoma bado. Alikuwa ananitazama mdomo.

Kuna vitu viwili ambavyo havikushukiwa hata mara moja, ugali na sukuma wiki. Alikula ugali na sukuma jana, alikula juzi, alikula kila siku ya maisha yake, na kitu cha kila siku hakionekani. Kwa sababu hiyo hiyo hakuna aliyeutaja moshi. Moshi ulikuwako jana, ulikuwako juzi. Hakuna aliyelitaja koti la kazi la Baba pia. Baba akiwa nyumbani alilivua mlangoni, na kwa kuwa Simiyu alipaswa kulindwa na baridi, alifunikwa nalo. Lilikuwa koti zito, limejaa makapi ya mahindi kwenye mishono, na mdogo wangu alilala nalo limemfika puani. Tuliliona kuwa ni upendo. Na kweli lilikuwa upendo, hapo ndipo hasira yangu hukosa pa kushikia.

Chakula kilichoondolewa kwake hakikutupwa. Kilikuja kwangu. Hili sijawahi kulisema kanisani wala kwa mume wangu. Kikombe chake cha maziwa nilikunywa mimi. Samaki wake, maharagwe yake, ndizi iliyoanza kuiva sana pale kibandani, vyote vilikuwa vyangu. Mwaka ule nilirefuka mpaka sare ya shule ikaishia juu ya magoti, na Mama Rael akanishika shavu akasema, "Huyu sasa ndiye mtoto." Simiyu alikuwa amekaa kando akinywa strungi, chai kavu isiyo na maziwa, na kipande cha ugali baridi.

Mwenye ploti alikuwa mama mmoja wa Kinandi tuliyemwita Mama Chebet. Alikuwa na ng'ombe wawili nyuma ya nyumba yake, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku moja alimwona Simiyu akiosha uso bombani bila shati, akasimama akamtazama mbavu. Jioni alikuja na kikombe cha mursik, maziwa yale ya kibuyu yaliyolala, yenye mistari ya kijivu ya mkaa wa mti wanaoupaka ndani ya kibuyu.

"Mpe mtoto hii," alisema. "Huyu hana kitu ndani ya mwili."

Mama alipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Mama Chebet alipoondoka, Mama Rael aliyekuwa amekaa kitandani alichungulia kile kikombe akashtuka. "Huoni iko na makaa? Mtoto wa kifua unampa masizi anywe? Hiyo itashika kifua yote iwe nyeusi." Alisema hivyo ndani ya chumba ambacho dari yake ilikuwa nyeusi kwa moshi wa magunzi, macho yetu sote yakitoa machozi. Mama akanipa mimi kikombe. Kilikuwa kizuri. Nililamba mpaka chini. Mama Chebet alileta mara ya pili na ya tatu, kisha akasikia kwa watu maziwa yake yanaenda wapi, akaacha. Alimwambia Mama kitu kimoja tu pale uani: "Sisi ng'ombe yetu haijaua mtoto wa mtu." Baada ya hapo walisalimiana kwa shida.

Mchana, nasari ikifungwa, Simiyu alikaa na Mama kibandani. Kazi yake ilikuwa kufuta machungwa kwa kitambaa yang'ae. Aliruhusiwa kuyashika, kuyapanga, kuyanusa. Nikitoka shule nilimkuta hapo, mikono yake inanukia maganda. Siku moja mteja, mzee mmoja mwenye kofia, alichukua chungwa alilonunua akampa, "Kijana, kula hii." Simiyu akamrudishia. Akamwambia, kwa adabu kabisa, "Asante Mzee, mimi ni wa kifua." Mzee akacheka, akamwambia Mama amelea mtoto mwerevu. Mama akafurahi siku nzima.

Basi yakabaki mayai. Baba alikuwa akitoka Chepsaita mwisho wa wiki na mayai machache aliyopewa na mama wa shamba, na kwa namna fulani mayai yalikuwa hayajawahi kuangukia siku mbaya. Simiyu aliyapenda kupita kiasi. Alipewa moja la kuchemsha kila Ijumaa, na alilimenya taratibu, akitoa ganda kipande kwa kipande na kukiweka mstari mezani. Alikula kwanza weupe wote, akizunguka, mpaka akabaki na kiini mkononi. Hapo alikuwa akikipasua mara mbili, na nusu moja akinipa mimi. Mimi niliyekuwa nimekula chakula chake chote cha wiki. Sikuwahi kukataa.

Ile Jumamosi ilikuwa ya mvua. Mama alikuwa sokoni, Baba alikuwa ameenda Soy bila koti lake. Mimi niliachiwa Simiyu na kazi ya kupika. Tulikuwa na sheria ya jiko: magunzi yanawashwa nje, chini ya bati la baraza, mpaka moshi uishe na yawe mekundu, ndipo jiko liingizwe ndani. Sheria hiyo haikuhusu kifua cha mtu. Ilihusu nguo za Jumapili, zilizoning'inia kwenye kamba juu ya kitanda. Mama hakutaka tuingie kanisani tukinuka moshi, watu wa Magharibi tusije tukachekwa. Lakini mvua ilikuwa inapiga kwa upande, magunzi yalikuwa yamenyeshewa, na mimi nilikuwa nasikia baridi. Nilibeba jiko likiwa bado linafuka nikaliweka katikati ya chumba. Kisha nikafunga mlango, na dirishani nikasokomeza gunia, kwa sababu Mama Rael alikuwa ametuambia kwamba upepo wa mvua ndio mbaya kwa Simiyu.

Alianza kukohoa kabla maji hayajachemka. Nilimwambia anyamaze. Alikuwa kitandani, chini ya koti la Baba, akanitazama na kuniambia, "Dada, fungua." Nikamwambia mvua itamwingia. Alisema tena, na mara ya tatu hakuweza kusema, alinyosha tu mkono. Yule paka niliyemzoea akalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, kisha akanyamaza kabisa, na huko kunyamaza ndiko kulikonitisha. Midomo ya Simiyu ilikuwa ya rangi ya majivu. Nilifungua mlango, nikatoa jiko mvuani, nikapiga kelele.

Walikuja wote. Kuna aliyemkimbilia Mama, kuna aliyemkalisha Simiyu wima akampepea kwa kifuniko cha sufuria. Mama alipofika moshi ulikuwa umetoka na Simiyu alikuwa anavuta pumzi fupi fupi, jasho limemlowanisha. Alimkumbatia. Kisha akainua pua, akatazama nguo kwenye kamba.

"Naliaka, jiko uliwasha wapi?"

"Nje, Mama."

"Kweli?"

"Kweli. Ni upepo ulirudisha moshi."

Angenichapa. Mama alikuwa anachapa kwa mwiko, na mbele ya watu hakuwa na huruma. Ndiyo sababu yote, sina nyingine kubwa zaidi ya kuwapa. Simiyu alikuwa kifuani pa Mama, macho yake yako kwangu. Na Mama Rael, aliyekuwa amelowa mpaka kwenye kilemba, akauliza swali lake: "Jana alikula nini?"

"Yai," nikasema.

Haukuwa uongo. Jana ilikuwa Ijumaa na alikula yai, nusu ya kiini nilikula mimi. Nimejitetea kwa hilo miaka mingi, kwamba kila nilichoandika kwenye lile daftari kilikuwa kweli tupu. Mama akasema niliandike kabla sijasahau, nami nikapanda kwenye kiti nikalishusha daftari na kuandika, kwa mwandiko wa kuunganisha, Mayai.

Kuanzia hapo mtoto aliishi kwa ugali, sukuma na strungi. Nywele zake zilianza kuwa na wekundu, na magoti yakawa makubwa kuliko mapaja. Kifua nacho hakikupoa hata siku moja kwa heshima ya hayo yote tuliyomnyima. Mavuno yalipofika, Baba akirudi kila jioni na vumbi lake, Simiyu akabanwa siku mbili mfululizo, na maombi na dawa ya kupaka vikashindwa. Safari hii ni Mama Chebet aliyeingia bila kubisha, akamtazama, akasema, "Beba huyo twende." Ndiye aliyetupeleka hospitali.

Alilazwa. Alivutishwa dawa kwa kibarakoa, akapata nafuu, na siku ya tatu mchana akaja dada mmoja wa mambo ya lishe, kijana, mwenye sweta la kijani na kalamu nyuma ya sikio. Alimpima Simiyu mkono kwa utepe, akamtazama Mama, akapima tena. Kisha akauliza mtoto huwa anakula nini nyumbani. Mama alifurahia swali. Hakuna mtu aliyejiandaa kwa swali hilo kuliko Mama. Alinituma kwenye mfuko, na mimi nikatoa daftari, kwa sababu tulikuwa tumelibeba, nikalitoa kwa mikono miwili.

Yule dada alisoma ukurasa wa kwanza. Akafungua wa pili. Akarudia wa kwanza.

"Mama," alisema, "kwa hivyo huyu mtoto anaishi na nini?"

"Ugali na mboga. Tunajaribu sana, daktari."

"Naona. Na nyumbani mnapikia nini?"

"Magunzi."

"Ndani?"

"Ndani. Lakini inawashiwa nje kwanza."

Aliuliza na kuuliza: chumba kina madirisha mangapi, Baba anafanya kazi gani, koti lake la kazi huwekwa wapi. Alipojibiwa kuhusu koti alifumba macho kidogo. Kisha alisema kwa upole, na upole ule ulimuumiza Mama kuliko matusi: "Mama, mimi sikwambii chakula inaponya asthma, haiponyi. Dawa ni ile atapewa na daktari, na hapo hakuna mchezo. Lakini hizi vitu umemtoa, matunda, maziwa, maharagwe, samaki, hizi ndizo zinajenga huyo mtoto apigane. Mapafu yake nayo inataka kula. Kuna watoto chakula fulani inawasumbua kweli, lakini hiyo tunaangalia hapa na daktari, moja moja. Hatuulizani kitandani. Hii kifua inabanwa na moshi na hilo vumbi."

Mama alijaribu kusema kitu kuhusu Mama Rael, akaacha. Aliangalia mikono yake, mikono iliyouza machungwa asubuhi ile ile.

Dada akarudi kwenye daftari na kalamu yake, akaanza kukata. Maziwa, arudishiwe. Ndizi, arudishiwe. Kila kimoja alikiulizia: siku hiyo kulikuwa na moshi ndani? Kulikuwa. Siku hiyo? Ilikuwa mavuno. Akafika chini kabisa. "Na mayai?"

"Mayai ni tofauti," Mama akasema haraka, kama mtu aliyepata angalau kitu kimoja cha kujitetea. "Hiyo siku moshi haikuwa. Jiko liliwashiwa nje. Alikula yai na kidogo afe. Si ndiyo, Naliaka?"

Yule dada akanigeukia. Alikuwa na uso mzuri, uso wa mtu ambaye ungeweza kumwambia. Mama akanigeukia. Simiyu, akiwa amelala na mpira wa dawa puani, akanigeukia pia.

"Ndiyo," nikasema.

Kalamu ikasimama. "Basi mayai tungoje," akasema. "Kuna watoto yai inawasumbua kweli. Msimpe kwanza, mkirudi kliniki tutaliangalia vizuri." Akakata vyote akaacha neno moja.

Tulirudi kliniki mara mbili, na kila mara kulikuwa na mtu mwingine mwenye foleni ndefu na hakuna aliyeuliza habari za yai. Nyumbani mambo yalibadilika. Mama aliuza maembe mengi zaidi akanunua makaa, koti la Baba likahamia kwenye msumari wa nje, dirisha likafunguliwa. Simiyu alijifunza kuvuta ile dawa yake ya pampu. Alirudishiwa machungwa, na siku ya kwanza alilishika muda mrefu kabla ya kuling'ata, akimtazama Mama. Kifua kilipungua, ingawa hakikuisha. Nyama ilirudi mbavuni. Urefu haukurudi, mpaka leo ananifika begani, mwanamume mwenye ndevu. Mama Rael hakuomba radhi, na Mama hakumdai. Waliendelea kukaa benchi moja kanisani.

Lakini yai lilibaki. Liligeuka kuwa dini ya Mama. Alimwambia kila mwalimu wa Simiyu, kila jamaa tuliyemtembelea Bungoma, kila mtu wa harusi. "Huyu wangu haguzi yai." Kila alichokosea kwa kile kitabu alikisahau, na hili moja ambalo aliamini alipatia alilishika mpaka kifo. Nilikuwa na umri wa kumwambia. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nikawa na ishirini, nikawa na watoto wangu mwenyewe. Kila mara niliona haifai, atahuzunika bure. Nilimzika bila kumwambia.

Wiki mbili baada ya kumfokea yule jirani nilikwenda kwa Simiyu. Anakaa Soy siku hizi, ana duka la dawa za mifugo, na mtoto wake wa kwanza, msichana, ameanza kula. Mkewe alikuwa amechemsha yai. Alikuwa ameliweka kwenye sahani na kulikodolea macho.

"Senge," aliniita, vile mtoto wake atakavyoniita mimi shangazi yake, "nimpe ama nisimpe? Kliniki wamesema nimpe. Lakini Mama aliniambia kwenu yai linafunga kifua, iko kwa damu. Naogopa."

Simiyu alikuwa mlangoni akivua viatu vya shambani. Nikasema yote pale pale, nikiwa nimesimama, mkono umeshika kiti: mvua, jiko, gunia la dirishani, na neno nililosema mara mbili, nyumbani na hospitali. Nilisema yai halijawahi kumfanya kitu ndugu yangu. Nilikuwa nalia na nilikuwa nataka, Mungu anisamehe, kuhurumiwa.

Simiyu aliweka viatu vyake sawa ukutani.

"Najua," akasema.

Akaja mezani, akachukua kijiko, akaponda kiini na tone la maji, akamlisha mtoto. Mtoto alikunja uso, kisha akafungua mdomo tena. Nilimuuliza yeye mwenyewe je, sasa si anaweza kula. Akatikisa kichwa. Alisema amejaribu mara nyingi, alipokuwa chuo, alipooa. Yai likifika kooni, koo linafunga. Anajua hakuna kitu, na linafunga.

"Ulijua toka lini?"

"Toka hiyo siku. Si nilikuwa kwa hicho chumba? Mimi ndiye nilikwambia ufungue."

"Kwa nini hukusema, Simiyu? Hata hospitali. Ungesema tu."

Alifuta kidevu cha mtoto kwa kidole. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

"Dada, wewe ndiye ulikuwa unaandika," akasema. "Ningesema, ungeandika nini ingine?"

Siku ile niliyopanda kwenye kiti, vilivyokuwa vimebaki vya kuandika ni ugali na sukuma wiki.